Kompyuta Kumi na Moja za Ta Revelian

Kompyuta zote kumi na moja ziliganda kwa pamoja siku ya Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, wanafunzi wakiwa wameshakaa. Mshale ulisimama katikati ya kila kioo na haukusogea hata mausi ilipovutwa mpaka ukingoni mwa meza. Mwalimu wao, Gladness, akazima kila kitu, akasubiri dakika nzima, akawasha upya. Zikaamka vizuri, zikakaa kwa muda wa mtu kumaliza bilauri ya maji, kisha zikaganda tena.

Mama Auleria Rwebangira aliyaona hayo akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai iliyopoa. Miguu ilikuwa imemvimba. Jana yake tu ndugu walikuwa wamejaa hapo nyumbani kwake Segerea kwa misa ya kumbukumbu ya mumewe, miaka miwili tangu afariki, na baada ya misa wote walipita katika chumba hiki kukitazama. Sufuria za kuazima zilikuwa bado hazijarudishwa.

Chumba chenyewe kilikuwa fremu ya mbele ya nyumba, inayotazama barabara. Mtu mwingine angeipangisha kwa muuza vipodozi. Revelian, aliyekuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu, hakutaka. Alinunua kompyuta za mezani zilizotolewa na ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikibadilisha vifaa, zile nzito ambazo feni zake huunguruma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Akazipanga, akavuta nyaya ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akaandikisha juu ya mlango: RWEBANGIRA, MAFUNZO YA KOMPYUTA. Walioingia hapo bila kujua kuwasha mashine walitoka wakiwa makarani wa hospitali na wahasibu wa maduka, na vyeti vyao vilikuwa na saini yake.

Mdogo wake marehemu, Theonest, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Siku hiyo ya kumbukumbu alikuwa amesimama katikati ya chumba akipapasa kuta, akasema kwa sauti ya upole kwamba kuna bwana anayeitaka fremu kwa ajili ya grosari, na kwamba Jumamosi inayofuata familia itakaa iamue. Kama mafunzo bado yanaendelea kwa heshima, sawa. Kama yamekufa, fremu itolewe.

Auleria alijua grosari ni nini. Ni viti vya plastiki mpaka kwenye ngazi, makreti ya bia chini ya jina la mumewe, na wanaume wakijisaidia kwenye ukuta wake. Alikuwa amefundisha jiografia sekondari kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake, na wote wangepita barabarani wakaona.

Kwa hiyo asubuhi ile, kompyuta zilipoganda kwa mara ya tatu, hakuuliza kwa utaratibu. Aliuliza wanafunzi wiki iliyopita walifanya nini na mashine. Binti mmoja wa mstari wa mbele akasema kwamba Alhamisi walikuja na flashi zao, wakajifunza kuhamisha nyimbo. Gladness hakukana. Alieleza kwamba mtu hushika upesi akinakili kitu anachokipenda kuliko barua ya kuomba kazi.

"Nyimbo gani?" Auleria akauliza.

"Singeli, mama. Na nyingine."

"Hapa si Vingunguti, Gladness. Hapa si machinjioni. Uchafu wa kwenu uishie huko huko, usiuingize katika nyumba ya marehemu."

Kila aliyekuwemo alijua kwamba Gladness anaishi Vingunguti na mama yake, na kwamba mama huyo huuza supu ya utumbo karibu na machinjio, na kwamba kwa supu hiyo ndiyo Gladness alisomeshwa. Hakuna aliyecheka. Gladness akainama, akachomoa chaja yake ya simu ukutani, akachukua mkoba.

"Shikamoo, mama," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Marahaba," Auleria akaitikia kwa mazoea, na msichana akatoka.

Jumanne alikuja fundi kutoka Sinza, miwani ya jua kichwani, funguo za gari mkononi. Akawasha mbili, akazitazama zikiganda, akasema mama, hizi ni maiti, ila akitaka atazichukua kwa kilo. Auleria akamwambia kwamba neno maiti halitamkwi katika nyumba ile wiki hiyo, akamfungulia mlango. Jioni Theonest akapiga simu. Habari ilikuwa imeshamfikia, hakusema kwa njia gani. Aliongea kama mtu anayetoa pole. Alisema hakuna aibu, mashine za kaka zimefanya kazi yake, na tena yule bwana wa grosari ameshapima mahali pa kuweka friji.

Usiku huo Auleria alipekua daftari la simu la mumewe. Revelian alikuwa na tabia ya kuandika neno moja mbele ya jina la kila fundi. Wengi waliandikiwa "mwongo". Mmoja wa Temeke, Shomari, aliandikiwa "taratibu".

Na kweli alikuwa wa taratibu. Alifika Jumatano, mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, goti moja bovu, vifaa vyake vimo katika begi la shule la mjukuu lenye picha ya katuni. Aliomba maji, akaomba kiti, akakaa akakitazama chumba bila kugusa kitu mpaka Auleria akaanza kuhema kwa kukosa subira.

"Zilianza zote siku moja?" akauliza hatimaye.

"Zote. Saa ile ile, dakika ile ile."

"Basi si mashine, Mwalimu. Mashine huugua mojamoja kama sie. Zikianguka zote pamoja, ujue kuna kitu zimekula pamoja."

Akachagua kompyuta ya kwanza, akachomoa nyuma yake waya wa mtandao, ule unaoziunganisha mashine za chumba kizima, akaiwasha ikiwa peke yake. Akamwomba Auleria aandike chochote. Auleria akakaa, akaanza kuandika mito: Rufiji, Ruvu, Pangani, Kagera. Herufi zilimfuata vidole bila tatizo. Shomari akaurudisha waya. Auleria akaandika Malagarasi, na baada ya herufi ya nne kioo kikanyamaza. Aliendelea kubonyeza bure. Shomari akauchomoa waya tena, na herufi zote zilizozuiwa zikamiminika kwa mara moja, kama watoto waliofunguliwa geti la shule.

Auleria akainua mikono kutoka kwenye meza. Kompyuta ilikuwa nzima. Ingekuwa na virusi vya flashi, ingeganda hata ikiwa peke yake. Alimuuliza Shomari kama virusi vinaweza kusafiri kwenye waya, na Shomari akamjibu kwamba vinaweza, tusiseme kitu kabla hatujamaliza. Jibu hilo lilimfaa kwa siku ile.

Wakaanza kuzipima zote. Shomari alikuwa akiinama kwa shida, anashika kingo za meza, anapumzika, anachomoa. Auleria alifungua daftari akachora jedwali, maana hakujua kufanya kazi bila jedwali: namba ya mashine, bila waya, na waya. Moja, nzima, inaganda. Mbili, nzima, inaganda. Kufika saa kumi na moja jioni ukurasa ulikuwa umejaa maneno hayo hayo, na walikuwa wamefika ya tisa umeme ulipokatika. Shomari akasema atarudi kesho, akaondoka akichechemea kwenda kutafuta usafiri wa Temeke.

Alhamisi walimaliza mbili zilizobaki kabla ya jua kuwa kali. Kisha Shomari akazizima kompyuta zote, akamwita Auleria chini ya meza ya mwalimu. Hapo palikuwa na kisanduku cha kugawia mtandao, ambacho mafundi hukiita swichi: kina matundu ya nyaya, na juu ya kila tundu kuna taa ndogo ya kijani. Kingine cha namna hiyo hiyo kilikuwa kona ya nyuma. Taa zote zilikuwa zikipepesa kwa pamoja, upesi upesi, bila kupumua.

"Tumezizima zote, si ndiyo?" Shomari akasema. "Sasa nani anaongea humu?"

Auleria akainama zaidi kuzitazama.

Shomari akakaa sakafuni kabisa, akanyoosha goti lake, akaeleza polepole. Kompyuta ikiitafuta mwenzake haijui iko wapi, kwa hiyo hutoa tangazo kwa wote: fulani yuko wapi? Kisanduku hulichukua tangazo hilo na kulipeleka kila tundu. Hiyo ni kawaida, hutokea kila siku, wala mtu hahisi. Lakini tangazo likipata njia ya kuzunguka na kurudi lilikotoka, kisanduku hudhani ni tangazo jipya, hulisambaza tena, nalo huzunguka tena. Halifi. Unaweza kuzima kila mashine chumbani na lenyewe likaendelea kukimbia kati ya kisanduku na kisanduku.

"Kompyuta za siku hizi zina nguvu, zinavumilia kidogo," akasema. "Hizi za kwetu za zamani, kila tangazo lazima ziache kazi zisikilize. Maelfu na maelfu kwa sekunde moja. Hata mie ningeganda."

Kwa hiyo ilibidi kuitafuta njia. Walishika waya mmoja mmoja, Shomari akiuvuta upande huu, Auleria akiangalia upi unatikisika upande ule, na kila uliojulikana wakaufunga kipande cha uzi mwekundu. Kazi hiyo iliwachukua mpaka saa saba. Waya wa mwisho ulitoka kisanduku cha mbele, ukapita ukutani mpaka nyuma kabisa, mahali ambapo zamani ilikaa kompyuta ya kumi na mbili, iliyokufa mwaka jana na kuondolewa. Ulipaswa kuishia hapo, ukining'inia. Haukuishia. Ulikuwa umepanda juu, ukaingia kwenye tundu la kisanduku cha nyuma, ambacho tayari kilikuwa na waya wake halali wa kukiunganisha na cha mbele. Visanduku viwili, nyaya mbili. Tangazo lilikwenda kwa huu na kurudi kwa ule.

Shomari akauchomoa. Taa zikatulia mara moja, moja ikapepesa, ikakaa kimya.

"Nani alichomeka huu?" akauliza.

Auleria alikuwa ameshika donge la uzi. Aliona mkono wake mwenyewe. Jumamosi jioni, mkesha wa kumbukumbu, alikataa kusaidiwa, akapiga deki chumba hiki peke yake kwa sababu watu wa ukoo walikuwa wanakuja. Kona ya nyuma aliukuta waya ukining'inia kama kamba iliyokosa mbuzi, na karibu yake kisanduku chenye tundu moja tupu, la ukubwa ule ule. Nyumbani kwake hapakuwahi kuning'inia kitu. Mwisho wa waya ulikuwa umeviringishiwa karatasi ya gundi iliyofubaa, yenye maandishi. Aliibandua kwa kucha, akaitupa kwenye ndoo ya taka bila kuvaa miwani kuisoma. Akasukuma waya mpaka ukalia tik, na mlio huo ulimfurahisha, kama kifungo cha sare kinapoingia mahali pake. Mwandiko wa karatasi ile ulikuwa wa Gladness. Hilo aliliona hata bila miwani.

"Sijui," akasema.

Shomari akautazama waya, kisha akaitazama sakafu, iliyong'aa mpaka pembeni chini ya meza ambako wafagiaji hawafiki. Alikusanya bisibisi zake moja baada ya nyingine, akafunga begi la katuni, na alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Wakiniuliza Jumamosi, mie nitasema kisanduku kimechoka. Wala sitakuwa nimesema uongo, kweli kimechoka. Sie kwetu tuna kitu kinaitwa sitara, Mwalimu. Mtu akiteleza, unamfunika."

Auleria akamshukuru. Siku ya Ijumaa alilala mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata wiki ya msiba.

Jumamosi walikuja wawili tu, Theonest na dada yake, Anastasia, ambaye kwa Auleria ni wifi. Shomari alikuwepo kuonyesha kazi. Kompyuta kumi na moja zilikuwa zinaunguruma, na Theonest alipita akibonyeza hapa na pale, kila alipobonyeza kitu kikafunguka. Alikuwa na matumaini ya kuziona zimekufa, na hakuweza kuuficha uso wake vizuri. Aliuliza tatizo lilikuwa nini. Shomari akajibu kama alivyoahidi, kisanduku kilichoka, kimeangaliwa, kimepona.

Theonest akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akamgeukia Auleria, na safari hii sauti yake haikuwa ya pole, ilikuwa ya heshima ya kweli.

"Ma Auleria," alisema, kama Wahaya wamwitavyo mwanamke wanayemheshimu, "nimesikia pia ulimwondoa yule binti wa machinjioni. Ulifanya vizuri. Watu wa namna ile ndio wanaoharibu jina la kaka. Basi, fremu ibaki. Nitamwambia yule bwana atafute kwingine."

Anastasia akaanza kufungua mkoba atoe kitambaa, machozi yakiwa tayari. Kila alichokitaka Auleria kilikuwa kimeshatolewa. Hakudaiwa ila kunyamaza. Shomari alikuwa akitazama vidole vya miguu yake kwenye kandambili.

Auleria aliyasikia maneno yale, binti wa machinjioni, yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na akajua yalikotoka. Yalitoka kwake. Yalipita mtaa mzima yakazunguka yakamrudia, na Theonest alikuwa anayasambaza upya. Akavuta kiti akakaa.

"Ta Theonest," akasema, naye akimwita kwa heshima ya Kihaya, "kisanduku hakikuchoka. Nilichomeka waya mahali pasipotakiwa, mimi, Jumamosi iliyopita, nikipiga deki. Gladness alikuwa ameufunga karatasi yenye maandishi, bila shaka ya kusema usichomekwe. Nikaibandua. Halafu nikamtukana yeye, na mama yake, mbele ya darasa."

Anastasia akabaki na kitambaa mkononi. Theonest alipoongea alikuwa msimamizi wa mirathi tena. Alitaka kujua basi kwa nini mafunzo ya kompyuta yaachwe mikononi mwa mtu asiyejua waya upi unakwenda wapi. Halikuwa swali baya. Auleria alikiri kwamba halikuwa baya. Akasema hayakuwahi kuwa mikononi mwake tangu mumewe afariki, yamekuwa mikononi mwa Gladness, yeye alikuwa akisimama tu mlangoni na chai.

"Gladness yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi sikiliza," Theonest akasema. "Jumatatu nikipita nikamkuta mwalimu anafundisha, fremu ni ya mafunzo. Nisipomkuta, Jumatatu hiyo hiyo natoa ufunguo."

Shomari ndiye aliyemsindikiza Vingunguti mchana ule, bila kuombwa, akisema njia ni ile ile ya kwao, jambo ambalo halikuwa kweli. Walipita pembeni mwa machinjio, kunguru wamejaa juu ya mabati, harufu imeshika nguo. Auleria alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolivaa kwenye misa. Hakuwahi kufika. Mama yake Gladness alikuwa mezani kwake barabarani, mwiko mkononi, wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Alimtambua mgeni, akampa kigoda, akachochea moto. Kama aliambiwa yaliyosemwa Segerea, hakuonyesha. Ilikuwa vibaya zaidi hivyo.

Gladness akatoka ndani, kanga kiunoni. Akaamkia. Auleria akaeleza yote akiwa amekaa kwenye kigoda kile, mbele ya wale wateja watatu, kuanzia karatasi mpaka ahadi ya Theonest, hakuacha kitu. Alisema amekosa. Alisema bila yeye mlango utafungwa, lakini hakuja kwa sababu hiyo peke yake, na hata akikataa kurudi, radhi ameshaiomba.

Gladness alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atarudi, anakipenda kile chumba, marehemu alimfundisha mengi mle ndani. Ila ana sharti.

"Uliyasema mbele ya wanafunzi, mama. Hapa ni nyumbani tu, wao hawapo. Waliosikia yale ndio wasikie na haya."

Shomari akakohoa kidogo, akafungua kinywa, pengine aseme neno la sitara, akakifunga.

"Ni haki yako," Auleria akajibu.

Mama yake Gladness akaweka bakuli la supu mbele yake, lenye ndimu pembeni. Auleria aliinywa yote.

Jumatatu saa mbili kamili wanafunzi walikuwa kwenye viti. Katika miaka thelathini na moja Mama Auleria Rwebangira hakuwahi kuliomba radhi darasa, na hakujua mtu husimama vipi anapofanya hivyo. Alisimama kama anayesoma ramani, mikono nyuma. Aliwaambia kilichoharibu kompyuta, nani alikichomeka, na kwamba maneno aliyoyasema kuhusu Vingunguti na kuhusu mwalimu wao yalikuwa ya uongo na ya aibu, na aibu hiyo ni yake, si ya marehemu. Yule binti wa mstari wa mbele alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza. Hakuna aliyejua amtazame nani.

"Asante, mama," Gladness akasema. Kisha akawageukia. "Haya, washeni."

Feni zikaanza kuunguruma moja baada ya nyingine. Nje, gari la Theonest lilipunguza mwendo mbele ya mlango uliokuwa wazi, likasimama kidogo, likaendelea na safari. Auleria alilisikia akiwa ameshafika chumbani kwake. Alijilaza kitandani na viatu miguuni, saa tatu haijafika, na hakuamka kuvivua.